Mchawi wa Mikumi Aliyepewa Tuzo

Filamu za Kiswahili zilipoanza kuuzwa madukani kwenye kanda, kama zinavyouzwa sabuni na viberiti, Katarina alikuwa amepita miaka hamsini na hajawahi kuingia kwenye kibanda cha video. Hakuwa na nafasi. Tangu shamba la mkonge alikofanya kazi mumewe Marko liuzwe kwa mtu binafsi, na mwenye mali mpya akapunguza watu, nyumba ilikuwa ikila kwa mikono yake. Alikuwa na banda la chakula Mikumi, kando ya barabara kuu, pale malori ya Zambia yanapopumzisha injini. Asubuhi maandazi na chai, mchana wali maharage. Watu walimwita Mama Salome, kwa jina la binti yake aliyeolewa Dodoma.

Madereva walimpenda kwa chakula chake, lakini zaidi kwa hadithi. Akikusimulia ugomvi wa utingo na abiria, utingo alikuwepo pale na abiria alikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwa ametoweka. Alikuwa hivyo tangu utotoni. Kwenye shule ya misheni kule Kisanga walicheza igizo la kuzaliwa kwa Yesu kila Krismasi, na kila Krismasi alipewa kuwa mchungaji wa kondoo kwa sababu alikuwa mrefu. Mwaka mmoja tu alipewa Herode. Watu wa kanisa walianza kwa kucheka, kisha wakanyamaza, na benchi la mbele watoto wawili wakaangua kilio. Baadaye akaolewa, na mambo ya maigizo yakaishia hapo.

Ditram aliingia Mikumi na kikundi chake cha filamu kutoka Morogoro mwishoni mwa kiangazi. Alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kamera moja ya kuazima na watu ambao wote walikuwa na njaa. Waliweka oda ya chakula kwa Mama Salome wiki nzima. Siku ya tatu, wenzake wakiwa wamelala kivulini baada ya kula, Ditram alimfuata Katarina kwenye karai la vyombo.

"Mama, nina tatizo," alisema. "Yule dada aliyekuwa acheze mchawi amelazwa Ifakara, hawezi kuja. Nimekusikia jana ukimwigiza yule utingo. Nataka ujaribu wewe."

Katarina aliendelea kusugua sufuria. "Na kwa nini mchawi awe mimi? Kwa sababu ni mzee?"

Ditram aliona aibu. "Hapana, mama. Kwa sababu unaweza."

Jioni alimweleza Marko. Marko aliuviringisha mkeka aliokuwa akiusuka.

"Umri huu, Mama Salome?"

"Umri mwingine sina, Baba Salome."

Marko akacheka, na kwa kucheka kwake ikawa amekubali.

Walipoanza kupiga picha, Ditram alimvalisha kaniki nyeusi na kumpaka masizi usoni, akamwomba acheke kicheko kirefu. Wakajaribu mara kadhaa. Haikukaa vizuri. Ditram mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema kwamba kila filamu aliyoitazama mwaka ule ilikuwa na mchawi wa namna hiyo, na kwamba amemchosha. Wakakaa wote wawili juu ya gogo, wakafikiri. Katarina akauliza, mtu wa hivi akibisha hodi, nani atamfungulia mlango? Ditram akamtazama, akainuka, akaleta maji ya kunawa.

Basi akacheza akiwa na kanga yake mwenyewe na kilemba chake cha kila siku. Katika filamu hiyo, iliyoitwa *Mgeni wa Asubuhi*, mchawi ni jirani anayepita kujulia hali. Anaingia na bakuli la uji, anaketi, anaushika mkono wa mtoto na kusema, "Mtoto hajambo? Mbona amekonda hivi?" Halafu anatabasamu. Hakuna zaidi ya hapo. Ni maneno ambayo akina mama wa Mikumi huambiana kila siku ya Mungu. Lakini Katarina aliyasema akiutazama ule mkono kama mtu anayechagua nyama buchani, na mpiga picha alisahau kuzima kamera.

Filamu ilitoka miezi michache baadaye. Kibanda cha video pale stendi kilijaa hadi watu wakakaa juu ya ndoo. Wiki ya kwanza Katarina alikuwa malkia. Madereva walimpigia honi, vijana wakampita wakiita, "Mgeni wa Asubuhi, shikamoo!" naye akawajibu, "Marahaba, nakuja kwenu kesho!" na wote wakacheka. Marko aliingia kutazama mara mbili, akatoka akitikisa kichwa kwa fahari.

Kisha gazeti likafika. Kule Morogoro kulikuwa na mwandishi wa habari za burudani aitwaye Onesphory, katibu wa chama kidogo cha wahakiki wa filamu wa kanda ile. Aliitazama filamu, akampenda sana huyu mama asiyejulikana, akaandika ukurasa mzima wa kumsifu. Mhariri wake akaona kichwa cha habari alichoandika kimepoa. Akakitoa, akaweka chake kwa herufi nene: MCHAWI WA KWELI AONEKANA MIKUMI. Mwenye kibanda cha video akakata kichwa hicho pamoja na picha ya Katarina, akakibandika mlangoni ili kuvuta wateja. Maandishi madogo ya chini, yale ya sifa, hayakuingia kwenye mkasi.

Jirani wa Katarina, ukuta kwa ukuta, alikuwa Vaileth. Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mmoja, Loveth, wa miaka mitatu, aliyempata baada ya kupoteza wawili. Katarina alikuwa amekaa naye katika misiba yote miwili. Mvua zilipoanza, Loveth akapata homa. Asubuhi moja Katarina alikuwa akielekea bandani, akamwona Vaileth amempakata mtoto kizingitini. Akasimama kama alivyozoea.

"Mtoto hajambo?" akauliza. "Mbona amekonda hivi?"

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, lakini yalikwisha kutoka. Vaileth alimtazama usoni, akainuka bila kujibu, akaingia ndani na kufunga mlango. Mchana huo Loveth akashikwa na degedege. Walimkimbiza hospitali, akalazwa siku nyingi kwa malaria kali, akapona. Lakini alipopona, habari ilikuwa imekwisha kuenea mji mzima kwamba Mama Salome aliuliza hali ya mtoto, na mtoto akaanguka kabla jua halijazama.

Wateja walianza kupungua taratibu. Kwanza walikatika akina mama waliokuwa wakinunua maandazi ya watoto wa shule. Halafu wenyeji wa stendi. Madereva wa mbali waliendelea kuja, mpaka matingo wakawanong'oneza, nao wakahamia banda la pili. Kanisani, benchi alilokaa Katarina lilibaki na nafasi kushoto na kulia. Hakuna aliyemtukana. Walimwamkia, wakaharakisha. Asubuhi moja Marko aliamka akakuta mtu amechora fisi kwa mkaa kwenye mlango wao. Alichota maji akaufuta kabla mkewe hajatoka, lakini Katarina alikuwa amesimama dirishani na alikuwa ameona.

Kasisi Yared alikuja kuwaona. Alikuwa mtu mwema, mwenye woga kidogo wa kugombana na waumini. Aliwaombea, kisha akasema, "Mama, labda ungesimama kanisani ukatubu kwa kucheza jambo lile. Ingewatuliza watu."

"Nitatubu, Kasisi, nikiwa na kosa," Katarina akajibu. "Nikitubu nisichofanya, watasema basi nilifanya."

Kasisi aliinamia kikombe. Alikunywa chai yake akaaga.

Katarina alibadilika. Aliyekuwa akiigiza kila mtu akaacha kuigiza. Alipita njiani akitazama chini ili asije akamtazama mtoto wa mtu. Aliacha kuuliza hali za watu, na kwa mwanamke wa umri wake, aliyezoea kumsalimu kila mtu na kumwulizia watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja, ilikuwa kama amekatwa ulimi. Marko alisema wahamie Kilosa mjini, ambako alikuwa na ndugu karibu na reli. Katarina akasema, "Nikihama nao watasema, mnaona?"

Katika hali hiyo ndipo Ditram alipokuja mbio kutoka Morogoro na habari njema. Hakujua lolote. Alimkuta Katarina amekaa kwenye banda tupu, akamwamkia, akaanza kumwaga maneno. Chama cha wahakiki hutoa tuzo kila mwaka; wanachama wake, walimu na waandishi wa magazeti na redio, hukaa wakatazama filamu zote zilizotengenezwa kwenye mikoa yao na kuchagua zilizo bora. Mwaka huu Katarina ameteuliwa kuwania tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike.

"Msaidizi wa nani?" Katarina akauliza.

Ditram alicheka, kisha akaona kwamba Katarina hacheki. Akatazama mabenchi matupu. "Mama, kuna nini? Wateja wako wapi?"

Marko ndiye aliyemweleza. Ditram alisikiliza akiwa ameshika kichwa. Marko alipomaliza, Ditram akamgeukia Katarina, akasema kwa sauti ndogo, "Usiende basi, mama. Nitawaambia unaumwa."

Katarina aliinuka akapangusa mabenchi mpaka Ditram alipokaribia kuondoka. Ndipo aliposema atakwenda. Marko alimuuliza baadaye kwa nini, naye akajibu, "Nataka kuwaona watu walionitazama wasiniogope."

Sherehe ilifanyika Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa mikutano Morogoro, chini ya feni zilizozunguka kwa uvivu. Palikuwa na maua ya plastiki, soda, na wasichana wa mjini waliovaa magauni ya kung'aa. Katarina alivaa kitenge cha harusi ya Salome. Marko alikuwa na koti la kuazima lenye mikono mifupi. Walikaa nyuma. Filamu ikaonyeshwa kipande kidogo: yeye akiingia na bakuli la uji. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Alipotabasamu kwenye skrini, alisikia watu wote wakivuta pumzi pamoja, halafu wakapiga makofi. Machozi yakamtoka. Alikuwa amesahau kwamba kunyamaza kwa namna ile kulikuwa kunampendeza.

Onesphory alisoma matokeo. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mikubwa na sauti nzuri kuliko umbo lake. "Mwaka huu tumetazama wachawi kumi na saba," alisema, na watu wakacheka. "Kumi na sita walitufanya tucheke. Mmoja alitufanya turudi nyumbani tukiwaza juu ya majirani zetu. Tuzo inakwenda kwa Katarina Marko wa Mikumi."

Alipanda jukwaani kwa shida, Ditram akimshika mkono. Akapewa kinyago cha mninga chenye umbo la jicho. Onesphory akamsogezea kipaza sauti ili ashukuru.

"Nawashukuru," Katarina alisema. "Mmenitendea heshima ambayo sikuitegemea. Lakini huyu baba amesema niliwafanya mrudi nyumbani mkiwaza juu ya majirani zenu. Mimi majirani zangu nao wamewaza. Hawanunui chakula changu. Watoto wao wanafichwa nikipita. Mlangoni kwangu wamechora fisi. Nimeletewa gazeti lenu, limebandikwa pale stendi, linasema mimi ni mchawi wa kweli. Hapa mnanipigia makofi, kule naogopwa, na ni kwa kazi ileile. Mimi siwezi kwenda kuwaeleza, kwa sababu kila neno nikisema, ni neno la mchawi. Kama tuzo hii ni ya kweli, njooni nayo Mikumi."

Hakuna aliyepiga makofi. Onesphory alikuwa ameshika karatasi zake kifuani. Alitaka kusema kwamba kichwa kile hakuandika yeye, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, lakini alimtazama yule mama akaona si wakati wake. "Tutakuja," akasema.

Alikuja kweli, pamoja na Ditram. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Kasisi Yared alitoa uwanja wa kanisa, na mji ukajaa, wengine kwa kutaka kusikia, wengine kwa kutaka tu kumwona mtu wa gazeti. Onesphory alisimama akaanza kueleza maana ya uigizaji. Alieleza vizuri. Alisema juu ya sanaa, na jamii, na vipaji vinavyopotea vijijini. Aliomba radhi kwa kile kichwa cha gazeti, na hapo watu walimsikiliza kidogo. Lakini alipomaliza, mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Sawa. Lakini wewe wa Morogoro utajuaje kama yeye si mchawi?" Watu wakaguna kukubali, na Onesphory akabaki akifuta miwani.

Ndipo Katarina aliposimama. Hakuwa amepanga. Alimwita Ditram mbele, akamwambia, "Wewe ni mama wa mtoto. Pakata huu." Akampa mkoba wake. Ditram, mbele ya umati, akaketi kwenye kiti akiubembeleza ule mkoba, miguu yake mirefu ikiwa imepindana, na alikuwa mwigizaji mbaya kiasi kwamba watoto walianza kucheka. Katarina akarudi nyuma hatua chache. Aligeuka, na alipogeuka tena alikuwa yule mgeni. Kicheko kikakatika. Alikuja polepole, akaketi, akaushika mkanda wa mkoba kama mkono.

"Mtoto hajambo? Mbona amekonda hivi?"

Wanawake wa mbele walirudi nyuma. Na papo hapo, bila kupumzika, Katarina akainuka akawa utingo, anamgombeza abiria aliyebeba kuku. Akawa abiria. Akawa kuku. Akawa Kasisi Yared akitafuta ukurasa wa kitabu cha sala bila miwani, na Kasisi mwenyewe akacheka kuliko wote, akishika mbavu. Akawa Marko aliyevaa koti la kuazima. Kisha akawa yule mzee aliyeuliza swali, kidole kimeinuliwa, kidevu mbele, na uwanja mzima ukalipuka. Halafu akarudi tena kuwa mgeni wa asubuhi, kwa ghafla, na safari hii hofu na kicheko viligongana na watu hawakujua washike kipi.

Akasimama wima, akihema. "Ni mimi," alisema. "Wote hao ni mimi."

Kulikuwa na makofi. Lakini Vaileth, aliyekuwa amesimama ukutani na Loveth mgongoni, alipaza sauti.

"Mama Salome, nisamehe, nauliza tu. Siku ile kwangu ulisema kama ulivyosema sasa hivi. Nitajuaje ipi ilikuwa ya kuigiza?"

Lilikuwa swali la haki, na Katarina alilipokea hivyo.

"Kwa kunitazama huwezi kujua, mwanangu," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yenyewe, usione. Lakini ulipozika wale wawili, nililala kwako juu ya sakafu. Hakukuwa na kamera."

Vaileth aliinamisha kichwa. Alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akatoka uwanjani kabla ya wengine.

Nisingependa kusema kwamba siku ile ilimaliza mambo yote. Wapo ambao hawajala tena maandazi ya Katarina mpaka leo, na wengine walisema kwamba mtu anayeweza kujigeuza mara nyingi hivyo, hata kama si mchawi, hayuko mbali na uchawi. Lakini kibandiko kile cha gazeti kiling'olewa kesho yake na mwenye kibanda mwenyewe. Madereva walirudi kwanza, kwa sababu wao walitaka kuona utingo. Kasisi alimwomba afundishe vijana maigizo ya kanisa, na katika hilo akampa ulinzi kuliko sala zile za kwanza.

Vaileth ilimchukua hadi baada ya mavuno. Alikuja bandani siku moja akaagiza chai, akainywa yote, akasema imekolea tangawizi. Katarina akasema ndivyo anavyoipenda Marko. Waliongea juu ya bei ya mahindi. Hawakuongea juu ya jambo lingine, na kesho yake akaja tena.

Chama cha wahakiki kilitoa tuzo zake miaka mingine miwili mitatu, kisha wadhamini wakapotea na wanachama wakatawanyika. Ditram alipata kamera yake mwenyewe. Mwaka uliofuata ile tuzo ya Katarina alirudi kupiga filamu kwenye stesheni ya Kilosa, kisa cha mazishi, na Katarina ndiye aliyekuwa mama mfiwa. Walihitaji waombolezaji wengi. Katarina akawaleta wanawake kutoka Mikumi kwa basi la asubuhi, na Vaileth alikuwa miongoni mwao, na kanga mbili mpya alizojifunga kwa heshima ya kamera. Ditram akapiga kelele waanze. Katarina akaangua kilio kilichofanya hata wauza ndizi wa stesheni wasimame. Na pembeni yake, akiwa amejifunika uso kwa kanga, Vaileth alishindwa kujizuia, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na ikabidi yule aliyeigiza maiti aamke, apewe maji, alale tena, na wote waanze upya.